Nani Amerithi "Be My Baby"?

Kuna mazoea yaliyoota mizizi katika uandishi wa historia ya muziki wa kizazi kilichopita, nayo ni kuusifu wimbo kwa kurasa kumi na kumkumbuka mwimbaji kwa mstari mmoja. Sijui mfano ulio wazi kuliko "Be My Baby", kibao cha The Ronettes, wasichana watatu wa New York, kilichotoka Agosti 1963. Chukua makala yoyote inayokihusu. Utakutana kwanza na Phil Spector, prodyuza. Atafuata Hal Blaine, aliyepiga ngoma zile za mwanzo ambazo hata asiyejua jina la wimbo huzitambua. Kisha atakuja Brian Wilson wa The Beach Boys, ambaye aliusikia redioni akiwa garini akalazimika kuegesha kando ya barabara, na baada yake Martin Scorsese, aliyeufungulia filamu yake ya *Mean Streets* mwaka 1973. Mwishoni, kama mwandishi ni muungwana, utaambiwa kwamba alikuwapo pia binti wa miaka 19 aliyeitwa Veronica Bennett, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Ronnie, na kwamba sauti unayoisikia ni yake.

Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo wa majina ni mpangilio wa umiliki. Waandishi wa historia wameufuata mkataba wa 1963 pasipo kuusoma: aliyemiliki kanda amepewa pia sifa, na aliyeimba amepewa shukrani. Tunaponena kwa unyenyekevu kuhusu "urithi" wa wimbo huu, tunatumia neno zito mno kwa wepesi mno. Urithi una mwenye mali, una warithi, na una waliodhulumiwa. Ni neno la mahakamani kabla ya kuwa neno la sifa, na wimbo huu ulifika mahakamani kweli.

Lakini tuanze na wasichana wenyewe, maana masimulizi yaliyozoeleka huwaonyesha kana kwamba walikuwa udongo uliosubiri mfinyanzi. Ronnie, dada yake Estelle Bennett na binamu yao Nedra Talley walikuwa wakiimba pamoja tangu utotoni, ndani ya ukoo mkubwa wa upande wa mama. Ronnie alikuwa amekwisha kusimama kwenye jukwaa la Apollo, Harlem, mbele ya hadhira isiyo na huruma kwa mwimbaji dhaifu. Kabla ya kumjua Spector walikuwa wamejiita The Darling Sisters, kisha Ronnie and the Relatives. Walikuwa wamerekodi kwa kampuni nyingine, wamecheza katika ukumbi wa Peppermint Lounge, na wameshiriki maonyesho ya mtangazaji Murray the K huko Brooklyn. Zile nywele zilizopandishwa kama kichuguu, ule wanja mzito uliovutwa hadi pembeni mwa jicho, zile sketi za kubana, hakuna hata kimoja kilichobuniwa na ofisi ya rekodi. Waliviokota katika mitaa ya Harlem ya Wahispania, wakavikuza hadi vikaonekana kutoka kiti cha nyuma kabisa cha ukumbi.

Kwa hiyo Spector alipokutana nao mwaka 1963 alikuta kundi lililokamilika. Lililokosekana ni kibao cha kuvuma. Alikuwa na kampuni, Philles Records. Alikuwa na studio ya Gold Star huko Los Angeles aliyoizoea. Alikuwa na watunzi, Jeff Barry na Ellie Greenwich, walioandika wimbo pamoja naye. Haya yote ni mchango wa kweli, na sina haja ya kuyapunguza ili nimwinue Ronnie. Ninalolikataa ni madai kwamba mchango huo ndio wimbo.

Wapo pia, na wengi wao ni wenzangu wa vyuoni, wanaoudharau wimbo kwa njia nyingine. Husema kwamba nyimbo za makundi ya wasichana wa enzi ile ni nyimbo za kubembeleza: msichana analia, mvulana anaamua. Kuna nyimbo ambazo shutuma hiyo inazistahili. Mwaka 1962 Spector huyuhuyu aliwarekodisha The Crystals wimbo ambamo kipigo cha mwanamume kinachukuliwa kuwa dalili ya mapenzi, na siwezi kuutetea. Ila anayeitia "Be My Baby" katika kapu hilo hajausikiliza. Katika wimbo huu msichana ndiye anayeposa. Yeye ndiye aliyemwona kijana kwanza, yeye ndiye anayetamka nia yake, yeye ndiye anayeahidi. Mvulana hana hata neno moja. Kazi yake ni kujibu, na jibu lenyewe hatulisikii. Anayejua desturi zetu za posa, ambamo binti huzungumziwa na mshenga na wazee huku mwenyewe yuko chumbani, ataona mara moja kwamba hapa mambo yamegeuzwa juu chini.

Tena tuangalie tarehe. Wimbo ulitoka mwezi uleule ambao maandamano makubwa ya haki za raia yalijaza mji wa Washington, tarehe 28 Agosti 1963. Ulikuwa ukipanda katika orodha ya nyimbo zinazovuma tarehe 15 Septemba, siku bomu lilipoua wasichana wanne Weusi ndani ya kanisa huko Birmingham, Alabama. Oktoba ukafika nafasi ya pili katika Marekani nzima. Mama yao Ronnie na Estelle alikuwa Mmarekani Mweusi mwenye damu ya Wacherokee, na baba yao alikuwa Mzungu mwenye asili ya Ireland. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa bado kosa la jinai katika majimbo kadhaa, na ingebaki hivyo hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipotamka vinginevyo mwaka 1967. Katika nchi hiyo, katika miezi hiyo, binti aliyezaliwa na ndoa kama hiyo aliingia katika redio za vyumba vya kulala vya vijana wa kila rangi akitamka bila haya kwamba anapenda na anataka kupendwa. Sisemi kwamba wimbo ulikuwa ilani ya siasa. Nasema kwamba anayeuita wa kipuuzi anatakiwa kwanza aeleze ni nani mwingine wa hali yake aliyeruhusiwa kusema jambo hilo kwa sauti kubwa namna ile.

Sasa nirudi kwa prodyuza. Mtindo wake umepewa jina la Ukuta wa Sauti, na maelezo yake yanafahamika: piano zaidi ya moja, magitaa kadhaa, shaba, njuga, ngoma, wote katika chumba kidogo, wote wakipiga kwa pamoja, kisha sauti hiyo ikapitishwa katika chumba cha mwangwi hadi vyombo vikapoteza mipaka vikawa kitu kimoja. Larry Levine alikuwa kwenye mitambo, Jack Nitzsche aliupanga muziki. Miongoni mwa waitikiaji walikuwamo Sonny Bono na binti wa miaka 17 aitwaye Cher, ambaye hakuna aliyemfahamu bado. Blaine mwenyewe alisimulia baadaye kwamba pigo lile mashuhuri lilitokana na kosa: pigo moja lilimponyoka, naye akaendelea kulirudia kosa hilo kana kwamba alilikusudia. Nalipenda sana simulizi hili kwa sababu linaubomoa ukuta kutoka ndani. Sehemu ya wimbo inayotajwa zaidi kuwa ushahidi wa akili kuu ya prodyuza ilizaliwa katika mkono wa mfanyakazi aliyelipwa kwa kikao.

Na ukuta ni ukuta tu mpaka mtu apite mbele yake. Ondoa sauti ya Ronnie katika rekodi ile, utabaki na kishindo kizuri kisicho na sababu. Sauti yake ina mtetemo wa haraka, ina mkwaruzo kidogo pembeni, ina kitu kama mtoto na kitu kama mtu mzima vikishindana ndani ya silabi moja. Alifanyia mazoezi chooni pale Gold Star, kwa kuwa kulikuwa na mwangwi mzuri. Kisha kuna ile miito yake isiyo na maneno, anaporefusha irabu na kuiacha iyumbe. Kila anayeukumbuka wimbo huikumbuka miito hiyo kabla ya kukumbuka ubeti. Mtunzi aweza kuandika noti zake katika karatasi. Hawezi kuandika mtetemo ule. Mtetemo hauko katika maneno, ambayo sheria huyajua, wala katika mahadhi, ambayo sheria huyajua, wala katika kanda, ambayo sheria huijua vizuri kuliko vyote. Uko kooni, na koo halina hati.

Sisi tuliolelewa na taarabu tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Msikilizaji anapoinuka kumtunza mwimbaji, noti humfikia mwenye sauti, wimbo ukiwa bado unaendelea. Hakuna anayeuliza kwanza kanda ni ya nani.

Turejee kwenye warithi. Brian Wilson amesema mara nyingi kwamba huo ndio wimbo uliombadilisha, na "Don't Worry Baby" ya The Beach Boys, ya mwaka 1964, ni jibu lake la wazi kabisa. Mwaka 1985 The Jesus and Mary Chain wa Scotland walifungua "Just Like Honey" kwa pigo la Blaine. Mwaka 1986 Eddie Money alijipatia kibao kikubwa, "Take Me Home Tonight", kilichojengwa juu ya ukumbusho wa wimbo huo, na angalau yeye alimwita Ronnie studio aje aimbe mwenyewe. Mwaka 1987 *Dirty Dancing* ilianza kwa wimbo huohuo, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa mwaka 1963 kikaupata upya. Mwaka 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika rejista yake ya rekodi za kitaifa. Amy Winehouse wa London alizichukua nywele na wanja wa The Ronettes bila kuficha, na alipofariki mwaka 2011 Ronnie alirekodi "Back to Black" kwa heshima yake. Katika orodha hii ndefu, Winehouse ni mmoja wa wachache walioelewa kwamba kilichostahili kurithiwa ni mwanamke na namna yake ya kusimama. Wengine wengi walirithi ngoma.

Na mwanamke huyo alikuwa wapi wakati wanaume walipokuwa wakirithi? Januari 1964 The Ronettes walizuru Uingereza, na The Rolling Stones ndio waliowatangulia jukwaani kama kundi dogo. Agosti 1966 walipotakiwa kusafiri na The Beatles katika ziara ya Marekani, Ronnie hakwenda. Spector hakumruhusu, na nafasi yake ikashikwa na binamu. Kundi likavunjika mwaka 1967. Mwaka 1968 alifunga ndoa na Spector. Yaliyofuata ameyaeleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1990: jumba la California lenye waya wa miiba na mbwa walinzi, viatu vilivyofichwa ili asitoke, vitisho vya kuuawa. Mwaka 1972 alitoroka kwa msaada wa mama yake, akiwa miguu mitupu. Sauti ambayo dunia nzima ilikuwa ikiisikia redioni ilikuwa imefungiwa na mtu aliyesifiwa kwa kuigundua.

Hapa ndipo huletwa ile kauli inayopendwa sana na wanafunzi wangu, na walimu wao pia: tenganisha kazi na mtu. Spector alitiwa hatiani mwaka 2009 kwa kumuua mwigizaji Lana Clarkson, akahukumiwa kifungo cha miaka 19 hadi maisha, akafariki Januari 2021 akiwa bado mfungwa. Siku ile BBC ilitoa kichwa cha habari kilichomweleza kuwa mtu mwenye kipaji lakini mwenye kasoro, kisha ikalazimika kuomba radhi. Mjadala ukazuka: je, bado tunaruhusiwa kuzipenda nyimbo zake? Swali hilo limepinda tangu mwanzo, kwa sababu linachukulia kwamba nyimbo ni zake. Mtu akiniuliza kama ninaweza kuendelea kuisikiliza "Be My Baby" licha ya uovu wa Spector, nitamjibu kwamba amemkosea aliyeimba kwa mara nyingine tena. Anamwadhibu mfungwa kwa makosa ya aliyemfunga. Ukiuacha wimbo kwa chuki ya Spector, umekubali hati yake ya umiliki. Ukiusikiliza kwa kumhurumia Spector, umekubali hati ileile. Kanuni ya kutenganisha kazi na mtu haina msaada wowote hapa mpaka tuulize kwanza kazi ni ya mtu gani.

Na sasa fedha, ambazo wasomi wa utamaduni huona aibu kuzitaja. Mwaka 1963 wasichana watatu walitia saini mkataba wa miaka mitano na Philles Records. Nedra, mdogo wao, alikuwa na miaka 17. Kwa mkataba huo kampuni ilipata umiliki wa rekodi zote. Wao walipokea malipo ya awali ya takribani dola 15,000, kwa pamoja, watu watatu. Baada ya hapo hawakulipwa mrabaha wowote. Spector alikuwa na mikono mitatu katika bakuli moja: alikuwa mtunzi mwenza, alikuwa prodyuza, na alikuwa mwenye kanda. Kila mara wimbo ulipopigwa redioni, watunzi walipata chao. Mwimbaji hakupata kitu, na hapo hata Spector si wa kulaumiwa peke yake, kwani sheria ya Marekani mpaka leo haizilazimishi redio za kawaida kumlipa anayeimba, humlipa anayetunga. Mataifa mengi yana kitu tunachokiita kwa Kiswahili hakishiriki, yaani haki ya mtendaji inayokaa jirani na hakimiliki ya mtunzi. Marekani, nchi iliyoiuzia dunia nyimbo kuliko nchi nyingine yoyote, imekataa kuipeleka haki hiyo katika redio zake.

Halafu ikaja *Dirty Dancing*. Filamu ilipolipia ruhusa ya kuutumia wimbo, fedha zilikwenda kwa mwenye kanda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wale watatu, sasa wakiwa watu wazima wenye maisha mengine, walifungua kesi katika mahakama za jimbo la New York. Walichukua zaidi ya miaka kumi kupata hukumu. Mwaka 2000 mahakama iliwapa ushindi wa mamilioni ya dola pamoja na riba, na rufani ya kwanza ikauthibitisha. Kisha shauri likafika katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo, nayo ikaamua Oktoba 2002.

Hoja ya wanawake hao ilikuwa nyepesi kueleweka. Mkataba wa 1963 haukutaja popote haki ya kuuweka wimbo juu ya picha za filamu au televisheni. Kwa kuwa haukutajwa, walisema, hatukuuza. Mahakama ikasema kinyume chake. Mliuza umiliki wa rekodi bila kujibakizia chochote. Mwenye umiliki kamili anaweza kufanya apendalo na mali yake, kwa teknolojia iliyokuwapo na itakayokuja. Na kama mkataba umenyamaza, basi ukimya huo ni wake mwenye mali. Mahakama ilikiri kwamba hali ya waimbaji hao inastahili huruma, lakini ikaongeza kwamba huruma si kanuni ya kutafsiri mkataba.

Mawakili wananiambia kwamba hukumu hiyo ni safi kisheria, na sioni sababu ya kuwabishia katika eneo lao. Mkataba ni mkataba, wanasema. Hakuna aliyeshikiwa bunduki. Mimi nabisha mahali pengine. Ukimya wa mkataba haudondoki kutoka mbinguni. Huwekwa pale na anayeuandika, na anayeuandika ndiye mwenye wakili. Msichana wa miaka 17 au 19, anayetaka kusikika redioni kuliko anavyotaka kitu kingine chochote, hana njia ya kujibakizia haki ambayo hajui kwamba ipo. Hivyo kanuni isemayo kwamba lisilotajwa ni la mnunuzi inaonekana kutopendelea upande wowote, ila matokeo yake yanajulikana kabla kesi haijaanza. Ingewezekana kabisa kuishika kanuni nyingine: kwamba lisilotajwa linabaki kwa aliyelitoa kifuani mwake. Kanuni hiyo haingeleta mwisho wa biashara. Ingemlazimisha tu mwenye wakili kuandika kwa uwazi anachokitaka, na kukilipia.

Mwenye kudhani haya ni mambo ya Wamarekani wa kale na akae na vijana wetu wanaoingia katika muziki leo. Nimewahi kuonyeshwa mkataba wa kijana mmoja, kurasa kadhaa za Kiingereza cha kisheria kwa mtu anayetunga na kufikiri kwa Kiswahili, ambao ulimpa mwenye kampuni kila kitu katika ulimwengu wote kwa njia zote zinazojulikana na zitakazojulikana. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonishtua. Waandishi wa mikataba ya siku hizi wamejifunza kutokana na kesi za aina hii, na wameuziba mwanya ambao The Ronettes walijaribu kuupitia. Waimbaji hawajafundishwa kesi hiyo. Katika vyuo vyetu tunawafundisha wanafunzi wa sanaa nadharia za Wajerumani kuhusu uzuri, na hatuwapi hata saa moja ya kuusoma mkataba mstari kwa mstari.

Liko jambo moja katika hukumu ile ambalo hutajwa mara chache, nami nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi ndoa na kanda zilivyofumwa pamoja. Katika talaka yao ya mwaka 1974 Ronnie alikuwa ametia saini hati ya kuachilia madai yake yote dhidi ya Spector. Upande wa Spector ulidai kwamba kwa saini hiyo alikuwa ameachilia pia mrabaha wake. Yaani mwanamke aliyetoka bila viatu alipaswa kuhesabiwa kuwa alitoka bila sauti pia. Hapo mahakama ilikataa: haki yake chini ya mkataba wa muziki haikuwa sehemu ya yale yaliyokusudiwa katika talaka. Ni ushindi, na ni mdogo. Katika jina la kesi anaitwa Greenfield, jina la ndoa yake ya pili. Jukwaani alibaki Ronnie Spector mpaka mwisho, kwa kuwa ndilo jina ambalo wanunuzi wa tiketi walilijua.

Mwaka 2007 The Ronettes waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, miaka 18 baada ya Spector mwenyewe. Aliyewakaribisha ni Keith Richards, ambaye mwaka 1964 alikuwa amewatangulia jukwaani. Estelle alifariki Februari 2009. Ronnie aliendelea kuimba, hasa katika maonyesho yake ya Krismasi, na katika maonyesho hayo "Be My Baby" ulikuwa wake kwa muda aliosimama mbele ya kipaza sauti, kwani mkataba wa 1963 ulichukua rekodi na haukuweza kuchukua usiku wa Desemba. Alifariki tarehe 12 Januari 2022, akiwa na miaka 78.

Kuhusu fedha, mahakama ile ya 2002 ilirudisha shauri chini ili waimbaji wahesabiwe mrabaha wa mauzo ya rekodi, kwa kiwango kilichoandikwa katika mkataba wa 1963. Malipo ya *Dirty Dancing* hayakuwamo katika hesabu hiyo.